Makato Bila Idhini: Haki na Wajibu wa Mwenye Kadi ya Benki mjini Goma

Makato bila idhini ni pesa yoyote inayotoka kwenye akaunti kupitia kadi ya benki, au kupitia namba zilizoandikwa juu yake, pasipo mwenye kadi kuridhia. Kadi inaweza kuwa imeibwa, imepotea, au imelala salama mfukoni mwa mwenyewe huku namba zake zikitumiwa na mtu aliye ng'ambo ya bahari. Linaloamua ni ridhaa. Mahali kadi ilipokuwa ni suala la ushahidi tu.

Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, mishahara ya watumishi wa serikali, pamoja na ile ya wafanyakazi wa mashirika ya misaada, imekuwa ikipitia benki, na akaunti nyingi ni za dola. Rawbank, Equity BCDC, TMB na nyinginezo zimewapa wateja wao kadi zenye alama ya Visa au Mastercard, ambazo hufanya kazi Kinshasa, Kampala, Dubai na kwenye maduka ya intaneti. Kisha, tarehe 27 Januari 2025, wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia mjini. Matawi ya benki yalifunga milango na mashine za kutolea pesa zikakauka. Kwa wengi, kadi ikabaki kuwa njia pekee ya kuifikia akaunti: kuvuka mpaka kwenye Petite Barrière au Grande Barrière, kwenda Gisenyi, na kutoa faranga za Rwanda kwenye mashine ya benki nyingine.

Kwa hiyo mteja wa Goma anahitaji kujua mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba tawi likifungwa, deni la benki kwa mteja wake halifungwi. La pili ni kwamba haki ya kurudishiwa pesa ina muda wake, na muda huo haungoji tawi lifunguliwe.

Njia ambazo pesa hupitia

Kadi ina vitu vinne vinavyotafutwa na mwizi: namba ndefu ya mbele, tarehe ya mwisho wa matumizi, tarakimu tatu za nyuma, na namba ya siri. Si lazima avipate vyote.

Njia ya zamani ni kunakili utepe mweusi ulio mgongoni mwa kadi. Kifaa kidogo hubandikwa kwenye tundu la mashine ya kutolea pesa, na kamera ndogo huwekwa juu ya vibonye. Utepe hubeba maandishi yaleyale kila siku, ndiyo maana nakala yake hufanya kazi. Chipu ya dhahabu ilibuniwa kuziba ufa huo: kila muamala huundiwa msimbo wake usiorudiwa, hivyo aliyeunasa wa leo hana cha kufanya nao kesho. Hata hivyo kadi nyingi zenye chipu bado zina utepe, na mahali ambapo mashine inakubali utepe, nakala inaweza kupita.

Njia ya pili ni ya intaneti, ambako kadi yenyewe haihitajiki. Namba huibwa kwenye hifadhi ya duka lililovamiwa, au mteja huziandika mwenyewe kwenye tovuti bandia. Huweza pia kubahatishwa. Kadi nyingi zina tarakimu 16. Nane za kwanza, zamani sita, hutambulisha benki iliyotoa kadi. Ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, kwa kanuni ya Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM, iliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1960. Zinabaki saba, yaani michanganyiko milioni 10, na kompyuta haichukui muda mrefu kuipitia. Mwizi hujaribu namba alizokisia kwa malipo madogo sana, pengine ya dola moja, aone ipi inaishi. Mwenye kadi anayekuta dola moja imekwenda kwenye duka asilolijua asiidharau, kwani mara nyingi hicho ni kipimo kinachotangulia makato makubwa.

Njia ya tatu hupitia simu. Malipo mengi ya intaneti hudai namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Mwizi hupiga simu akijifanya mfanyakazi wa benki, anasema akaunti iko hatarini, kisha anaomba namba iliyoingia punde. Mwingine humshawishi wakala wa kampuni ya simu ampe laini mpya yenye namba ya mteja. Kwa watu waliohama Goma kuna hatari nyingine tena: aliyekimbilia Kampala, Nairobi au Bujumbura akanunua laini mpya, huku benki ikiendelea kutuma ujumbe kwenye namba ya zamani. Namba isiyotumika kwa muda mrefu kampuni ya simu huweza kumpa mtu mwingine, na ujumbe wa benki ukamfuata huyo mwingine.

Njia ya nne ni ya mtu wa karibu. Benki zilipofungwa, aliyekuwa mgonjwa, mzee, au mwenye hofu ya kuvuka mpaka angeweza kushawishika kumkabidhi jamaa au mtu wa kati kadi pamoja na namba ya siri, amtolee pesa Gisenyi kwa malipo kidogo. Anayefanya hivyo anapoteza ngome yake kuu. Mashine huandika kwamba chipu ilisomwa na namba ya siri ilikuwa sahihi, na mbele ya benki huo ni muamala ulioidhinishwa, hata kama aliyetumwa dola 100 alichukua 300.

Wizi mkubwa zaidi huwalenga si wateja bali mfumo wa benki wenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 2019, Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, iliwakamata watu 12, Wakenya wanane, Wanyarwanda watatu na Mganda mmoja, kwa tuhuma za kujaribu kuuingilia mfumo wa Equity Bank nchini humo ili kutoa pesa za wateja. Katika tukio la namna hiyo mteja hana kosa lolote, na taarifa ya akaunti yake ndiyo shahidi wake.

Kutenganisha wizi na makosa mengine

Kabla ya kudai, mteja hupaswa kuujua muamala wenyewe, kwa sababu kila aina ina njia yake ya kurekebishwa, na dai lililopewa jina lisilo lake hukataliwa.

Kuna makato yanayosubiri. Hoteli au kampuni ya magari huzuia kiasi fulani mapema kama dhamana. Pesa hiyo huonekana imepungua, lakini bado haijalipwa, na huachiliwa baada ya siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Kuna jina geni kwenye taarifa: duka huandikishwa kwa jina la kampuni mama, au la wakala wa malipo aliye nchi nyingine. Kuna tofauti ya kubadilisha fedha: aliyetoa faranga za Rwanda kutoka akaunti ya dola hukatwa kwa kiwango cha siku hiyo, pamoja na ada ya benki yenye mashine na ada ya benki yake. Kuna pia huduma ya mwezi kwa mwezi iliyoanza kwa majaribio ya bure. Hiyo iliidhinishwa mwanzoni, hivyo dai lake ni la kusitisha huduma na kurudishiwa kilichokatwa baada ya kusitisha. Dai la wizi halitoshei hapo.

Aina moja inastahili kutajwa peke yake, kwani mashine inapoishiwa noti au mtandao unapokatika inaweza kumfika yeyote: mashine imekataa kutoa pesa, au imetoa pungufu, lakini akaunti imekatwa kiasi kizima. Hapa hakuna mwizi. Mashine hutunza kumbukumbu ya kila noti iliyotoka, na hesabu ya jioni huonyesha ziada. Mteja aliyekumbwa na hili Gisenyi hana mkataba na benki yenye mashine. Dai lake huenda kwa benki yake mwenyewe, iliyompa kadi, nayo ndiyo hudai kwa ile nyingine. Anachohitaji ni risiti hata kama imeandika kosa, jina la benki na mahali mashine ilipo, tarehe, saa, na kiasi alichoomba.

Vilevile pesa iliyohamishwa kutoka benki kwenda M-Pesa, Airtel Money au Orange Money bila ridhaa haifuati kanuni za kadi. Hiyo huripotiwa siku hiyohiyo kwa benki na kwa kampuni ya simu pamoja, kwa kuwa pesa ikishatolewa kwa wakala hakuna wa kuizuia njiani.

Saa za kwanza

Hatua ya kwanza ni kuifunga kadi. Programu nyingi za benki kwenye simu zina kitufe cha kuisimamisha, na hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Isipokuwepo, hupigwa simu kwenye kituo cha wateja. Vituo vingi viko Kinshasa, na saa ya Kinshasa iko nyuma ya ile ya Goma kwa saa moja: ofisi inayofungua saa mbili asubuhi kule, Goma ni saa tatu. Mpigaji huandika saa aliyopiga, jina la aliyempokea na namba ya shauri aliyopewa. Tangu dakika hiyo, makato yoyote mapya ni mzigo wa benki, mradi mteja aweze kuonyesha kwamba alitoa taarifa.

Hatua ya pili ni kuandika. Simu hufunga kadi, lakini dai huishi kwenye maandishi. Barua pepe kwa benki, yenye nakala kwa meneja wa akaunti, hutaja jina la mteja, tarakimu nne za mwisho za kadi, orodha ya miamala inayopingwa pamoja na tarehe na viasi, na tamko fupi kwamba mteja hakuifanya wala hakumruhusu mtu kuifanya. Namba kamili ya kadi na namba ya siri haziandikwi kamwe. Benki za Kongo hutumia fomu za Kifaransa. Asiyekimudu vizuri amtafute mtu wa kumwandikia, ila asikilize maana ya kila mstari kabla ya kutia saini, kwa sababu fomu hiyo ndiyo itakayosomwa hadi mwisho wa shauri.

Hatua ya tatu ni kukusanya ushahidi: picha za taarifa ya akaunti, ujumbe wa simu, risiti, na kila kinachoonyesha mteja alikuwa wapi. Muhuri wa uhamiaji kwenye mpaka una thamani kubwa hapa. Aliyegongewa muhuri wa kuingia Rwanda saa nne asubuhi hawezi kuwa alitoa pesa kwenye mashine ya Lubumbashi saa tano. Sheria ya Kongo inaukubali ushahidi wa kielektroniki: kanuni za dijitali zilizowekwa kwa amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023 zinatambua maandishi ya kielektroniki kuwa ushahidi. Barua pepe iliyotumwa kutoka kambi ya wakimbizi wa ndani ni dai halali sawa na karatasi iliyogongwa muhuri kaunta.

Safari ya dai

Muamala wa kadi una pande nne: mwenye kadi, benki iliyotoa kadi, duka au mashine iliyopokea, na benki ya duka hilo. Katikati yao uko mtandao, Visa au Mastercard. Mteja akipinga muamala, benki yake huufungulia shauri na kuomba pesa irudi kupitia mtandao. Benki ya duka huweza kukubali, au kujibu kwa ushahidi: sahihi, kumbukumbu ya chipu, anwani ya kompyuta iliyotumika, uthibitisho uliopitia simu. Visa huipa siku 30 kujibu, Mastercard siku 45. Wasipokubaliana, mtandao huamua.

Kwa makato ya wizi, mitandao yote miwili huweka ukomo wa siku 120 kwa benki kufungua shauri, na mkataba wa mteja na benki yake unaweza kumtaka atoe taarifa mapema zaidi. Hesabu hii inaigusa Goma moja kwa moja. Makato yaliyofanyika tarehe 27 Januari 2025, siku mji ulipoingiliwa, yalikuwa na nafasi hadi tarehe 27 Mei 2025. Mteja aliyeandika barua pepe mwezi Februari alikuwa ndani ya muda. Aliyengoja tawi lake lifunguliwe ndipo aende kaunta, muda ulimpita akiwa nyumbani. Kufunguliwa kwa benki ya akiba ya CADECO chini ya utawala mpya wa mji mwezi Aprili 2025 hakukubadilisha chochote katika hili, kwani dai huenda kwa benki iliyotoa kadi, si kwa benki yoyote iliyo wazi.

Nani abebe hasara

Katika nchi nyingine sheria imekwisha kugawa hasara kwa hesabu. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1978 kuhusu uhamishaji wa fedha kwa njia ya kielektroniki humbebesha mwenye kadi iliyopotea au kuibwa hadi dola 50 tu akitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi, na hadi dola 500 akichelewa zaidi ya hapo. Asipolalamika ndani ya siku 60 tangu atumiwe taarifa ya akaunti, yanayofuata yanaweza kuwa yake yote. Umoja wa Ulaya, kwa mwongozo wa mwaka 2015, huitaka benki irudishe pesa kabla ya siku ya kazi inayofuata kwisha, isipokuwa ina sababu ya kumshuku mteja mwenyewe, na sehemu ya mteja haizidi euro 50 kama hakufanya uzembe mkubwa. Rwanda, ambako wakazi wengi wa Goma wanafuata huduma za benki, ilitunga sheria ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha mwaka 2021.

Kongo ina sheria namba 18/019 ya tarehe 9 Julai 2018 kuhusu mifumo ya malipo, na Benki Kuu ya Kongo ndiyo msimamizi wa benki zote. Chini ya hayo kuna msingi wa kale na imara zaidi: dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba. Ibara ya 33 husema mikataba iliyofungwa kihalali ni sheria kwa waliofunga, na hutekelezwa kwa nia njema. Ibara ya 258 humlazimu aliyemsababishia mwenzake hasara kwa kosa lake aifidie. Mteja aliweka pesa, na benki ikaahidi kuitoa kwa amri yake. Pesa iliyotoka bila amri yake haijapunguza ahadi hiyo.

Benki itajibu, na ina haki ya kujibu, kwamba mteja alizembea: aliandika namba ya siri nyuma ya kadi, alimpa jamaa, alitaja namba ya uthibitisho kwa mpigaji asiyemjua. Uzembe huo ukithibitika, dai hudhoofika sana. Lakini kuthibitika si kudhaniwa. Kusema tu kwamba namba ya siri ilitumika hakutoshi kueleza imetumika na nani, na mteja ana haki ya kuomba aonyeshwe kumbukumbu: je, ni chipu iliyosomwa au utepe, ni mashine ipi, saa ngapi?

Benki huweza pia kutaja vita kama nguvu isiyozuilika. Hoja hiyo ina mipaka. Vita huweza kusamehe ucheleweshaji wa kutoa noti mahali ambapo noti hazifiki. Havielezi kwa nini ofisi ya Kinshasa, yenye umeme, mtandao na wafanyakazi, isifungue shauri lililofika kwa barua pepe, kwani tawi la Goma halihitajiki ili shauri la kadi liendelee.

Jibu likiwa ni kukataa

Mteja aliyekataliwa huomba sababu kwa maandishi. Kisha hupeleka malalamiko ngazi ya juu ndani ya benki, kwenye kitengo cha malalamiko makao makuu, akiambatisha kumbukumbu zote kwa mpangilio wa tarehe. Hapo pasipozaa matunda, huandikia Benki Kuu ya Kongo mjini Kinshasa. Benki Kuu haihukumu kesi ya mtu mmoja kama mahakama, lakini inaisimamia benki, na barua yake hupata jibu.

Mahakama ni ngazi ya mwisho. Serikali ya mkoa ilihamishia shughuli zake Beni baada ya Goma kuanguka, na kufungua kesi ni safari yenye gharama na hatari. Kwa dola 40 haistahili. Kwa akiba ya miaka, wakili aliye Kinshasa au Beni anaweza kuwakilisha kwa hati ya uwakilishi. Benki ikidai hati ya polisi ambayo mteja hawezi kuipata kwa usalama, huandika tamko lake lenye tarehe na sahihi na kueleza kwa nini hati haipo. Dai lisiachwe kwa sababu ya karatasi moja inayokosekana.

Kinga

Kinga bora ni zile zinazopunguza kiasi kinachoweza kupotea kwa mara moja. Ukomo wa matumizi wa siku uwekwe chini, na matumizi ya intaneti yazimwe hadi siku yanapohitajika. Ununuzi wa intaneti ufanywe kwa kadi ya malipo ya awali yenye kiasi kidogo, si kwa kadi ya akaunti ya mshahara. Ujumbe wa kila muamala uwashwe, hata kama una ada, kwani ndio unaogeuza wizi wa mwezi kuwa wizi wa dakika. Aliyebadilisha laini ya simu ahakikishe benki ina namba mpya kabla hajaiacha ya zamani.

Kwenye mashine, mkono mmoja ufunike vibonye, na tundu la kadi likaguliwe kwa kidole. Mashine iliyo ndani ya jengo la benki ni salama zaidi kuliko ile ya barabarani. Asiyeweza kuvuka mpaka mwenyewe na kadi ahamishe kiasi anachotaka, kwa programu ya benki au pesa ya simu, kwenda kwa mtu anayemwamini, ili akosee au asaliti kwa kiasi hicho tu. Kadi na namba ya siri visisafiri pamoja mikononi mwa mtu mwingine.

Mwisho, taarifa ya akaunti isomwe kila mwezi, mstari kwa mstari, na nakala zake zihifadhiwe mahali pawili, kwenye simu na nje ya simu. Mji ambao umekimbiwa mara kadhaa, kwa lava ya Nyiragongo mwaka 2002 na 2021 na kwa vita mwaka 2025, unajua kwamba karatasi zilizoachwa nyumbani huweza zisikutwe tena. Mteja mwenye nakala ya taarifa, tarehe ya simu na barua yake ya kwanza anaweza kudai pesa yake kutoka popote alipo.